Shafti ya nyuma ikiisha: namna ya kuibadilisha nyumbani, na sababu gani haiungwi kwa moto



Mwezi wa kumi uliopita wengi wenu muliuliza: kapita iko wapi? Siku nne kiti changu kilikuwa wazi, na majina ya asubuhi yalisomwa na mtu mwingine. Wengine walisema niko mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nyumbani nangojea minervale, na minervale yangu ilikuwa imelala chini ya gari la baba, katika chuma kimoja kinachofanana na fimbo nene. Leo nataka kueleza habari ya chuma hicho. Hapa kwetu Mubambiro, na kule Sake, nyumba nyingi zinakula kwa gari moja la zamani. Siku moja chuma hiki kitawaletea wazazi wenu shauri lile lile kilichotuletea sisi.

MAMBO YALIYOTUPATA

Baba iko na Hilux ya zamani. Inapandisha chumvi, sabuni na mama wa soko kwenda upande wa Masisi, na inateremsha viazi na maharagi kwenda Goma. Katika likizo kubwa, mwezi wa nane, nilikuwa ninamsaidia. Siku hiyo tulikuwa tunapanda mlima kutoka Sake kwenda Mushaki, vitesi ya kwanza. Kwa juma nzima tulikuwa tumesikia sauti upande wa kuume, kama mtu anayesaga mahindi pole pole. Baba alisema, "Tutaangalia juma hili likiisha." Kumbe chuma hakingoji juma liishe. Tulisikia pa! mara moja, kiisha injini ikalia sana na gari halikwenda. Halafu likaanza kurudi nyuma.

Nyuma walikuwa mama saba, na mmoja wao na mtoto mgongoni. Baba alikanyaga freni kwa nguvu yote, nami nikaruka na kutupa gogo nyuma ya gurudumu. Gogo hilo tunalibeba siku zote, na siku hiyo nilielewa juu ya nini baba hakubali lisahauliwe. Hakuna mtu aliyeumia. Tulivutwa kwa kamba mpaka nyumbani.

SHAFTI NI NINI?

Katika gari la namna hii injini iko mbele, lakini magurudumu yanayosukuma yako nyuma. Nguvu inatoka kwa injini, inapita katika sanduku la vitesi, inafuata mti mrefu chini ya gari mpaka kufika katika ponti. Katikati ya ponti kuna tumbo la duara. Ndani yake mumo meno makubwa ya diferansieli, yanayogeuza nguvu na kuigawanya upande wa kushoto na wa kuume. Kutoka pale, kila upande, inatoka fimbo moja ya chuma kigumu mpaka kwa gurudumu. Hiyo ndiyo shafti. Mafundi wa Goma wanaiita kwa Kifaransa demi-arbre, ndiyo kusema nusu ya mti, sababu ziko mbili na pamoja zinafanya mti mmoja. Ncha yake ya ndani iko na meno madogo yanayoingia katika diferansieli. Ncha ya nje iko na sahani, na juu ya sahani hiyo munafunga gurudumu.

Sasa tufanye hesabu ndogo, wale wa fizika wataipenda. Tuseme injini inatoa Nyuton-meta 160. Vitesi ya kwanza inazidisha mara 4 hivi, na meno ya ponti mara 4 tena. 160 × 4 × 4 = 2,560. Diferansieli inagawanya nusu kwa nusu, basi kila shafti inapokea 1,280. Ni sawa na kufunga mtaimbo wa meta moja kwa shafti na kuning'iniza kilo 130 kwa ncha ya mtaimbo huo. Hivyo ndivyo shafti inavyosokotwa katika mlima, kila mara shofere anapoachilia ambreyaje.

Lakini katika Hilux ya zamani shafti haizungushi tu. Inabeba pia. Uzito wa gari unashuka juu ya ponti, unapita katika rulema (wengine wanasema beringi), unaingia katika shafti yenyewe, kiisha gurudumu. Shafti inapinda kidogo sana, hata jicho halioni. Na sababu inazunguka, upande uliokuwa juu unakuwa chini, na uliovutwa sasa unasukumwa. Gurudumu la sentimeta 70 linazunguka mara 450 hivi katika kilometa moja. Kutoka Goma mpaka Sake ni kilometa 25 hivi, basi shafti imepindwa zaidi ya mara 11,000 katika safari moja tu. Chukueni waya, muupinde huku na huku: utakatika bila kuvutwa. Chuma kinachoka.

Ziko gari za namna nyingine. Land Rover, iliyoanza Uingereza mwaka 1948, ilijulikana sana huku Afrika kwa kuvunja shafti za nyuma, zaidi katika Series II na Series III. Lakini katika Land Rover hizo gurudumu linabebwa na rulema mbili juu ya bomba la ponti, na shafti inafanya kazi moja tu, kuzungusha. Ikivunjika, gurudumu linabaki fasi yake. Unafungua buloni 6, unavuta shafti bila kupandisha gari, unatoa vipande, unatia nguvu ya mbele na kurudi nyumbani pole pole. Malori makubwa pia ni hivyo. Katika Hilux ya zamani (gari hii ilianza Japani mwaka 1968) haiko hivyo. Ikivunjika upande wa ndani wa rulema, gurudumu linabaki. Ikivunjika upande wa nje, gurudumu linatoka na kwenda njia yake. Yetu ilivunjika ndani. Fundi alipima kwa vidole vyake, akasema: vidole viwili tu zaidi upande wa nje, mungekuwa munalia.

Na kwa nini gari lilirudi nyuma hata vitesi ilikuwa ndani? Sababu diferansieli inatuma mwendo fasi iliyo rahisi. Shafti moja ikikatika, mwendo wote unakwenda kwa kipande kilichokatika, na gurudumu lililo zima halipokei kitu. Basi injini haisukumi tena, na haishiki tena. Inabaki freni tu. Mushike neno hili: gari lenye shafti iliyovunjika halisimamishwi kwa vitesi.

KUSUDE AO KUNUNUA?

Jioni alikuja fundi wa kusude, jirani. Aliangalia vipande viwili, akasema: "Hii nitaunga kesho asubuhi." Bei yake ilikuwa ndogo. Shafti ya kununua Goma, hata ile iliyokwisha kutumika, ilikuwa mara nyingi zaidi. Baba alikaa kimya, kiisha akaniambia: "Mwanangu, feza niko nayo ni ya minervale yako. Hakuna ingine. Wewe unasema nini?"

Nitasema kweli, hata kama ni haya. Nilijibu: "Baba, tusude tu." Nilikuwa ninaingia mwaka wa sita, ninafikiri mtihani wa taifa, sikutaka kurudishwa nyumbani. Baba akasema: "Wewe ndiwe unasoma fizika. Kaulize kwanza."

Asubuhi nilibeba kipande cha shafti mpaka kwa mwalimu wetu wa fizika. Hakunifukuza, hata ilikuwa likizo. Alianza kwa kunionyesha kidonda cha chuma. Sehemu moja, karibu nusu, ilikuwa nyeusi na laini, yenye mistari kama mchanga wa kando ya ziwa maji yanapopunguka. Sehemu nyingine ilikuwa nyeupe na ya kukwaruza. Akasema: ile nyeusi ilipasuka zamani, kidogo kidogo, na ile nyeupe ndiyo iliyovunjika jana. Ndiyo kusema kwa siku nyingi tulikuwa tunabeba watu juu ya nusu ya shafti.

Kiisha akaniuliza: "Mfua chuma anafanya nini akitengeneza panga?" Nikajibu: anapasha moto, anapiga, anapasha tena, anazamisha katika maji. "Na panga hilo ukilisahau katika moto wa jikoni?" Linakuwa laini, halikati tena. "Basi shafti ni panga. Kiwandani walipasha moto kwa kipimo na kupoza kwa kipimo, ili nje iwe ngumu na ndani isikatike kama kioo. Fundi wa kusude analeta moto unaoyeyusha chuma, karibu digri 1,500. Kando ya kiungo, fasi moja inakuwa laini kama panga la jikoni, na fasi nyingine, inayopoa haraka, inakuwa ngumu na kavu, inapasuka. Kiungo chenyewe kinaweza kuwa kizuri sana kwa macho. Itavunjika kando yake."

Fundi wa kusude si mwongo, na kazi yake ni njema. Anaunga milango, vitanda, hata sanduku la gari. Vitu hivyo havisokotwi kwa nguvu ya kilo 130 na kupindwa mara 11,000 kwa safari moja. Shafti inafanyiwa hayo yote.

Nilirudi kwa baba na maneno haya. Aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu anasema inaweza kushika?" Nikasema: inaweza kushika siku mbili, inaweza kushika miezi miwili. Hakuna anayejua siku. Baba akasema: "Na siku hiyo mama wa watu watakuwa nyuma." Kesho yake alikwenda Goma na feza ya minervale.

KUCHAGUA SHAFTI ILIYOTUMIKA

Wengi wetu hatununui mpya. Basi, mbele ya kulipa, mufanye hivi:

1. Mubebe ile ya zamani, vipande vyote. Muilaze kando ya ile ya kununua. Urefu uwe mmoja, sahani iwe moja, matundu ya buloni yalingane. Muhesabu meno ya ncha moja moja, sababu shafti mbili zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kwa meno. Musikubali neno "itaingia tu".

2. Muangalie meno. Yakiwa yamelala upande mmoja kama majani ya upepo, shafti hiyo imesokotwa na imekwisha.

3. Mupitishe ukucha fasi mpira wa mafuta unasugua. Ukucha ukinaswa na mfereji, muiache. Hesabu yake ni hii: nguvu ya fimbo ya kusokotwa inafuata kipimo cha unene mara tatu. Milimeta 30 zikiwa 27, munafikiri imepoteza sehemu ya kumi. Hapana. 27 × 27 × 27 ni 19,683, na 30 × 30 × 30 ni 27,000. Imebaki na asilimia 73 tu.

4. Muiviringishe juu ya vyuma viwili vilivyonyooka. Ikicheza, imepinda.

5. Mutafute ufa kwa chaki. Muioshe kwa petroli, muipake mafuta mepesi, mungoje kidogo, muipanguse ikauke vizuri, kiisha mupake unga wa chaki, hii hii ya ubao. Ufa unakunywa mafuta. Baada ya dakika chache unayatapika, na munaona mstari mweusi juu ya chaki. Muuzaji wetu alicheka alipoona baba anatoa chaki mfukoni. Shafti ya kwanza ilionyesha mstari. Muuzaji akaacha kucheka, akaleta nyingine.

Pamoja na shafti mununue rulema mpya, pete yake mpya, na mpira mpya wa kuzuia mafuta, ule mafundi wanaita spi. Vitu hivi vitatu musinunue vilivyotumika.

KAZI YENYEWE

Tuliifanya nyumbani, mbele ya mlango, na fundi mmoja mzee akituongoza. Kazi moja tu tulipeleka garaje, nitaisema.

Kwanza, kusimamisha gari. Freni ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, na ndiyo tunakwenda kufungua. Basi haisaidii kitu. Mufunge magurudumu ya mbele kwa magogo, mbele na nyuma yake. Mulegeze buloni za gurudumu likiwa chini bado, ndipo mupandishe kwa kriki. Na hapa nawaomba sana, sababu ni kosa la kwetu: musisimamishe gari juu ya mawe ya lava. Fasi hii yote imejaa lava. Mwaka 1938 moto wa Nyamulagira ulishuka mpaka ziwa Kivu karibu na Sake, na mawe hayo tunajengea, tunazungushia viwanja, tunakalia. Lakini jiwe la lava liko na matundu ndani kama mkate. Linabeba leo, na ghafula linakuwa unga. Mutumie magogo mazito ya mti mgumu, yaliyokatwa sawa, chini ya bomba la ponti. Na hata hivyo musiweke kichwa chini bila sababu.

Pili, mafuta ya ponti. Mufungue kwanza tundu la juu la kutilia, kiisha lile la chini la kumwagia. Juu ya nini? Mukimwaga mafuta yote halafu kizibo cha juu kikakataa kufunguka, muko na gari bila mafuta na bila njia ya kutia. Muangalie mafuta hayo: unga mwembamba wa chuma ni kawaida, vipande si kawaida.

Tatu, mutoe gurudumu na tamburi ya freni. Tamburi ikikataa, musiipige kama ngoma. Iko na matundu mawili madogo yenye nyuzi. Mutie buloni mbili zinazofaa, mukaze moja kidogo na nyingine kidogo, itasukumwa yenyewe.

Nne, katika Hilux hii sahani ya freni inatoka pamoja na shafti. Basi mufungue bomba la mafuta ya freni na kuliziba kwa kitu safi, na mutoe kamba ya freni ya mkono. Kiisha, nyuma ya sahani, mufungue nati 4.

Tano, muvute. Shafti itoke kwa mstari ulionyooka, isilalie mpira wa ndani. Kipande chetu cha ndani kilibaki katika bomba, tukakivuta kwa kitanzi cha waya, zaidi ya saa moja. Kiisha tukaosha ndani mpaka hakuna chuma kilichobaki. Punje moja ya chuma kigumu ikibaki, itakula meno ya diferansieli.

Sita, rulema. Hii ndiyo kazi ya garaje, sababu inataka presi. Pete ya zamani inakatwa kwa uangalifu, bila kugusa shafti. Mbele ya kusukuma rulema mpya, mutazame kwamba sahani ya freni na nyumba ya rulema vimekwisha kuvalishwa shafti. Ukisahau, itabidi utoe rulema tena, na rulema iliyovutwa kwa nguvu imekwisha. Rulema inasukumwa kwa pete yake ya ndani, haipigwi kwa nje. Pete ya kuishika inapashwa moto katika mafuta, digri 150 hivi, inavimba, inaingia, ikipoa inabana. Munaona, ni lile somo la vyuma kuvimba kwa moto, la mwaka wa tatu, tulilosema halina kazi.

Saba, mpira mpya. Mdomo wake uangalie upande mafuta yanatoka. Mupake grisi kidogo juu ya mdomo. Kiisha mulete shafti pole pole, muizungushe kidogo mpaka meno yaingie katika meno. Musilazimishe.

Nane, mukaze nati 4 kwa msalaba, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho. Mufunge bomba la freni, mutoe hewa katika freni mpaka kanyagio liwe gumu. Mutie mafuta mapya ya ponti, namba 90, mpaka yaanze kutoka kwa tundu la kutilia.

Tisa, muzungushe gurudumu kwa mkono, musikilize. Muendeshe kilometa 10 bila mzigo, musimame, muguse katikati ya gurudumu. Joto ni sawa. Moto wa kuchoma mkono si sawa. Baada ya siku moja ao mbili mukaze tena buloni za gurudumu.

NA SABABU JE?

Hapa ndipo fundi mzee alitufundisha zaidi. Gari lilikuwa tayari, baba alitaka kulipa, lakini fundi akasema: "Bado. Ni nini iliyoua ile ya kwanza?"

Juu ya bomba la ponti kuna kipumuo kidogo, hakipiti urefu wa kidole. Ponti ikipata joto, hewa ya ndani inavimba na kutoka pale. Chetu kilikuwa kimezibwa na matope ya Masisi, yamekauka kama tofali. Basi hewa ilitafuta njia nyingine, ikasukuma mafuta kwa mpira. Mafuta yakaosha grisi ya rulema na kulowesha freni. Rulema ikalegea, shafti ikacheza, ikasugua, ikapata mfereji, na katika mfereji ufa ukaanza. Magunia yaliyozidi yakamaliza kazi. Yote kwa tope la ukubwa wa harage. Kulifungua ilichukua waya na dakika mbili.

Basi dalili ziko hizi, na mtoto wa shule anaweza kuzitazama kila jumamosi wakati wa kuosha gari: mafuta yanayolowesha upande wa ndani wa gurudumu la nyuma; sauti ya kusaga inayofuata mwendo wa gari, si mwendo wa injini; gurudumu linalocheza ukilishika juu na chini na kulitikisa likiwa limepandishwa; freni moja inayoshika kidogo kuliko nyingine; na kipumuo kilichozibwa. Moja tu katika hizi inatosha kusema: leo hatubebi watu.

Tulifungua na shafti ya kushoto pia. Tuliipaka chaki, haikuonyesha mstari, tukairudisha na rulema mpya na mpira mpya. Feza ya kununua ya pili haikuwako.

Hiyo ndiyo habari ya siku nne za mwezi wa kumi. Baba alileta nusu ya minervale mwezi wa kenda, na nusu nyingine ilitoka kwa viazi, pole pole, gari likitembea. Bwana Prefe aliipokea na nikarudi kalasi. Nawashukuru wale waliniandikia masomo ya siku hizo, zaidi lile la kemia.

Kipande kirefu cha shafti ya zamani baba alikinoa ncha, na sasa ni mtaimbo wetu wa kuvunjia lava nyuma ya nyumba, tunapochimba choo kipya. Kwa kazi hiyo ni kigumu sana. Na gari linapita mbele ya shule karibu kila siku ya soko. Mukiliona, muiname muangalie gurudumu la nyuma upande wa kuume. Ni kavu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita